Upupu: Mmea Uwashao na Urutubishao Ardhi

Upupu, ambao wataalamu wa mimea huuita *Mucuna pruriens*, ni mmea utambaao wa jamii ya mikunde, jamii yenye maharage, kunde na hata mninga, na huota katika nchi za joto, ikiwemo nchi ya miombo ya Tabora.

Shina lake huparamia miti na vichaka, maua yake ya zambarau huning'inia kwa vishada, na maganda yake, yaliyopinda mfano wa herufi S, hufunikwa na vinyweleo vya kahawia ambavyo kiangazi hukauka na kupeperushwa na upepo. Vinyweleo hivyo huchoma ngozi na kuingiza mukunaini, yaani kimeng'enya kinachokata protini na kuamsha neva za mwasho. Kwa kuwa mwasho huo hautegemei histamini, kemikali itolewayo na mwili wakati wa mzio, dawa za kawaida za mzio hazisaidii sana. Aliyepatwa asijikune, bali avinase vinyweleo kwa utepe wenye gundi, kisha aoge kwa maji mengi na kufua nguo zake.

Hata hivyo, mizizi ya upupu ina vinundu vyenye bakteria wanaogeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mimea, na majani yake mengi hufunika udongo na kuzuia magugu. Kwa kazi hiyo wakulima hupanda aina isiyowasha, na manufaa yake ni dhahiri katika udongo wa kichanga uliochoshwa na mahindi na tumbaku.

Mbegu zake zina levodopa, kiini cha dawa ya ugonjwa wa Parkinson, unaoleta mtetemeko na ukakamavu wa viungo. Lakini kiini hicho hudhuru kikizidi. Mwaka 1989, kaskazini mwa Msumbiji, wakati wa njaa na uhaba wa maji, watu wengi walirukwa na akili baada ya kula mbegu hizo bila kumwaga maji waliyozichemshia.

Basi upupu wa porini uepukwe, mbegu zake zisiliwe wala kutumiwa kama dawa bila ushauri wa daktari, na mkulima anayetaka kufufua shamba lililochoka amwombe bwana shamba mbegu za aina isiyowasha.