Mtoto wa Mchungaji na Shule Zake Nyingi

Sogeeni karibu, watoto, leo sina hadithi ya sungura. Mwenzenu mmoja ameuliza: mtu akisoma mpaka chuo kikuu, ndiyo kafanikiwa?

Hebu simameni kidogo hapa Rusizi ya Pili, mpakani mwa Rwanda na Kongo, muwatazame wanaovuka mto kwenda Bukavu. Yule mama mwenye beseni la nyanya kichwani huenda hana cheti chochote. Lakini akilipwa dola, anapiga hesabu ya faranga za Kongo, anaigeuza kuwa faranga za Rwanda na kutoa chenji kabla mteja hajafunga pochi. Beseni hilo linasomesha watoto. Na anayemsaidia kubeba mzigo huenda ni kijana mwenye shahada ya uchumi, anayesubiri kazi ya ofisini. Shahada si hirizi, kwamba ukishaivaa tu mambo yananyooka.

Lakini msikimbilie kuchoma madaftari. Mto huu wa Rusizi unatoka Ziwa Kivu na kushuka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika. Njiani upo mtambo wa umeme, nao unaitwa Rusizi ya Pili, ulioanza kazi mwaka 1989 kwa ubia wa Rwanda, Burundi na Kongo. Mtambo ule haukujengwa kwa kukisia. Walihitajika watu waliokesha vitabuni wakijifunza maji, zege na umeme.

Sasa hadithi yenyewe. Ng'ambo hiyo, Bukavu, mwaka 1955 alizaliwa Denis Mukwege, mwana wa mchungaji. Siku moja, akiwa mdogo, alifuatana na baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Baba alipomaliza kuomba, Denis akamuuliza mbona hakumpa mtoto dawa. Baba akamweleza kwamba hiyo ni kazi ya daktari. Basi mtoto akaamua: baba ataomba, yeye atatoa dawa.

Akamaliza sekondari mwaka 1974, akaenda Kinshasa kusomea uhandisi! Akakaa miaka miwili, kisha akaacha. Mwaka 1976 akaanza upya, safari hii udaktari, kule Bujumbura, karibu na mto huu unapoishia ziwani. Akahitimu mwaka 1983.

Hapo kafanikiwa? Bado. Alitaka kutibu watoto, lakini katika hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde la Rusizi, akakutana na akina mama waliofikishwa wakiwa hoi kwa sababu ya uzazi. Alichokisoma hakikutosha. Akarudi darasani, Angers nchini Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, kisha akarejea Lemera. Mwaka 1996 vita vikaifikia hospitali ile, wagonjwa wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, ambako maelfu ya wanawake walioumizwa vitani wametibiwa. Mwaka 2015, akiwa na miaka 60, akapata shahada ya uzamivu mjini Brussels kwa utafiti juu ya majeraha yale yale aliyokuwa akiyatibu. Tuzo ya Nobel ya Amani ikaja mwaka 2018.

Mmeona? Kila aliporudi kusomea udaktari, alikuwa na mgonjwa moyoni ambaye bado hajaweza kumsaidia. Kazi ilimpa swali, naye akaenda shule kutafuta jibu. Asiye na swali hutoka chuoni na karatasi nzuri, kisha huuliza aipeleke wapi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nisomee nini nipate kazi?", ulizeni kwanza: ni jambo gani hapa kwetu ambalo niko tayari kuhangaika nalo miaka mingi? Kama ni biashara ya mpakani, anzeni kwa yule mama wa nyanya, anajua mengi yasiyofundishwa chuoni. Kama ni umeme, au ni kuponya watu, basi kazeni kamba: chuo kikuu hamtakikwepa, na pengine mtakirudia zaidi ya mara moja.