Silika, Malezi na Hulka: Watoto wa Wanyamamwitu Mikononi mwa Binadamu

Waswahili wana methali mbili ambazo hazikubaliani. Ya kwanza husema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili husema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza yaipa silika nguvu zote, kwamba alichozaliwa nacho kiumbe ndicho atakachozikwa nacho. Ya pili nguvu hizo yampa mlezi. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kuzipatanisha methali za namna hii kwa kusema kuwa kila moja ina muktadha wake, na jibu hilo hutosha katika mtihani. Makala haya yanadai kuwa kuna jambo la tatu ambalo methali zote mbili zimelipita, nalo ni hulka: ile tofauti inayobaki baina ya ndugu waliozaliwa na mama mmoja na kulelewa na mkono mmoja. Ushahidi wake tutautafuta mahali ambapo wanafasihi hatupiti sana, yaani kwa watu waliowalea watoto wa wanyamamwitu.

Tuanze na hurafa, kwa kuwa ndimo wengi wetu tulimowajua wanyama kwanza. Humo Sungura ni mjanja na Fisi ni mlafi, basi. Ni wahusika bapa: Fisi wa ngano ya leo hana tofauti na Fisi wa ngano ya jana, na msimulizi hahitaji kumpa jina jingine kwa kuwa jina la jinsi yake limekwisha kusema yote. Mazoea haya yametoka ngano na kuingia katika usemi wa kila siku. Hapa Mishomoroni komba akilia usiku mwembeni huambiwa kuwa kalewa, na mtu aliyelewa chakari husemwa kuwa kalewa kama komba. Hakuna aulizaye ni komba yupi. Hata hivyo, mfuga mbuzi wa mtaa huu huu hasemi hivyo juu ya mbuzi wake. Anamjua yule anayesukuma mlango wa jikoni na yule asiyesogea mpaka wenzake wametangulia, ingawa wote wawili ni mapacha.

Hadithi moja mashuhuri katika nchi za Bahari ya Hindi haikuridhika na ubapa huo. Hiyo ni Kalila na Dimna, iliyotoka Bara Hindi, ikapitia Uajemi, na kutafsiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Wahusika wake wakuu ni bweha wawili. Dimna ana tamaa ya cheo; anamleta fahali kwa mfalme Simba, kisha anamwonea wivu na kumfitini hadi fahali akauawa. Kalila ni bweha vile vile, lakini yeye humwonya mwenzake tangu mwanzo. Kama silika ya ubweha ndiyo iliyomtuma Dimna, mbona haikumtuma Kalila?

Swali hilo si la watunga hadithi peke yao. Huko Marekani ya Kaskazini yuko jamaa wa bweha aitwaye koyote, na wataalamu wa tabia za wanyama wamewalea watoto wake kwa mikono ili wawatazame kwa karibu. Wakiwa na umri wa wiki nne hivi, kabla hata ya kuzoea kucheza, watoto hao hupigana kwa dhati, na katika mapigano hayo hujulikana nani wa mbele na nani wa nyuma. Wa tumbo moja hao, na chupa ya maziwa ni moja.

Kwetu Kenya mfano ulio wazi zaidi ni wa simba. Tarehe 1 Februari 1956 George Adamson, aliyekuwa afisa wa wanyamapori katika jimbo la kaskazini, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia. Baadaye ikadhihirika kuwa alikuwa na watoto watatu, wote wa kike, mwambani, nao walikuwa wachanga wa siku chache tu. Wakapelekwa kambini kwa mkewe, Joy. Siku za mwanzo walikataa maziwa; walipokubali, walinyweshwa kwa mpira mwembamba. Mama yao mmoja, mlezi wao mmoja, maziwa yao mamoja. Lakini Joy hakukawia kuona kuwa analea watu watatu mbalimbali, kama tutaruhusiwa kusema hivyo. Mkubwa alijiamini na kuwatawala wenzake. Wa pili, Lustica, alikuwa mcheshi wa kundi. Wa tatu alikuwa mdogo na dhaifu wa mwili, ila ndiye aliyekuwa jasiri wa kwenda kuchungua kila kigeni. Walipofikia miezi michache wawili wakubwa walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Yule mdogo akabaki. Huyo ndiye Elsa, ambaye dunia ilimjua kupitia kitabu Born Free cha mwaka 1960.

Msomaji mwenye shaka atauliza: je, hii si tashihisi tu? Mwandishi mpweke kambini huweza kumvisha mnyama tabia za kibinadamu, na sisi tunaochambua fasihi tunaijua mbinu hiyo. Shaka hii ina haki yake, na kwa kweli kuna kurasa ambamo Joy Adamson anawasemea simba zaidi ya alivyoona. Lakini tashihisi ni mali ya mwandishi, naye huweza kuibadilisha apendavyo; hulka haibadiliki kwa kalamu. Mnyama akiwa mwoga leo, kesho na mwezi ujao, mbele ya mlezi na mbele ya mgeni, huo si mpambo wa lugha.

Tena kuna kizazi cha pili. Elsa alifunzwa kuwinda, akaachiliwa mwituni upande wa Meru, na mnamo Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Safari hii akina Adamson walijizuia wasiwashikeshike, ili wakue kama simba wa porini. Mlezi alikuwa mama yao mwenyewe. Hata hivyo Jespah aliwasogelea watu kwa imani, Gopa alijaa wivu na tahadhari, na yule wa kike aliyeitwa Elsa Mdogo aliona haya na kukaa mbali. Hapa methali ya malezi haina la kusema, wala ile ya nyoka.

Karibu zaidi nasi, mwendo mfupi tu kutoka Mishomoroni, ni Haller Park ya Bamburi. Huko ndiko alikoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi kwa nyavu za wavuvi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Alimkimbilia Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Mzee kwanza alimfyonya na kujitenga; baada ya siku wakawa wanakula na kulala pamoja. Silika ya kobe haina sura ya kumlea kiboko. Ilimhitaji Owen huyu na Mzee huyu.

Lakini kuijua hulka ya mnyama kuna gharama, na gharama hiyo aliilipa Daphne Sheldrick. Mwaka 1974 alifaulu kumnywesha mtoto mchanga wa ndovu, Aisha, kwa maziwa ya watoto wa binadamu yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, jambo lililokuwa limewashinda watu kabla yake. Aisha akanawiri. Kisha Daphne akasafiri kwa ajili ya arusi ya bintiye, na Aisha akakataa kula mpaka akafa. Mlezi alikuwa amemjua mtoto, na mtoto naye alikuwa amemjua mlezi, wala hakumtaka mwingine. Tangu hapo, katika kituo cha mayatima wa ndovu kilichoko mbuga ya Nairobi, walezi hupokezana: anayelala na mtoto leo siye atakayelala naye kesho, ili mapenzi ya ndovu yagawanyike kwa wengi na hatimaye yahamie kwa ndovu wenzake huko Tsavo.

Kwa mkazi wa Kisauni jambo hili si la mbali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga mnyamamwitu bila kibali, na aliyemwona mtoto wa ngedere au komba aliye taabani hutakiwa awaarifu maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Tena si kila aliye peke yake ni yatima. Komba jike humweka mtoto wake tawini akaenda kutafuta chakula, kisha humrudia na kumbeba kwa kinywa. Mara nyingi yule anayeonekana kutupwa chini ya mwembe ana mama aliye juu ya mti, akingoja watu waondoke.