Mgagani wa Busia: mbegu imelala, haijafa

Huku Pwani mgagani tunaujua kama mboga chungu. Kule Busia na Malaba, mpakani na Uganda, Waluhya huuita tsisaka na Waluo dek. Huota wenyewe kando ya njia, ukatoa maua meupe yanayopendwa na nyuki. Lakini mche unaong'olewa kabla ya kuchanua hauachi mbegu, na mwisho wake ni kununua sokoni kile kilichokuwa cha bure.

Kuuotesha kwenye kopo si kazi ngumu. Wengi hukwama kwa sababu hupanda mbegu wiki ile ile waliyovuna. Wakiona kimya, huzitupa. Kumbe mbegu mbichi zimelala tu. Chuma maganda yakiwa manjano, kabla hayajapasuka. Zikaushe mbegu, uziweke pakavu miezi 3 hadi 6. Za Septemba zitakuwa tayari kwa mvua za Machi.

Chagua kopo refu, maana mzizi huenda chini moja kwa moja na hautaki kusumbuliwa. Litoboe chini, utie udongo, mchanga na samadi iliyooza. Nyunyiza mbegu, uzifunike kwa udongo usiozidi sentimita 1. Mche ukipata majani manne, uhamishe na donge lake. Michache usiichume, iache ichanue, ikupe mbegu za mwakani.

Wala usivushe mbegu kutoka Uganda bila kibali cha KEPHIS. Hakuna haja: mpaka umegawa nchi, haukugawa mgagani.