"Atakuwa Ni Yule Bibi"

Mtoto anaugua ghafla usiku katika kijiji kimoja cha Bariadi. Asubuhi jirani anasema, "Huenda kuna mkono wa mtu." Mchana, kisimani, maneno yameshapanda ngazi: "Atakuwa ni yule bibi." Jioni hakuna tena anayekisia: "Lazima ni yeye. Macho yale mekundu si unayaona?"

Tangu asubuhi hakuna aliyeona jambo jipya. Shaka ndiyo iliyopungua.

Kila lugha ina vyombo vyake vya kukisia yaliyo ndani ya mtu mwingine. Mwingereza akimwona mwenzake anasinzia husema "she must be tired" bila kumuuliza. Mwanafunzi wa sekondari mjini Bariadi hufundishwa kwanza kuwa "must" ni neno la wajibu, ndipo baadaye agundue kuwa ni la kuhukumu pia. "Lazima" yetu ni vivyo hivyo. Nayo "atakuwa", ingawa ina sura ya wakati ujao, hapa haizungumzii kesho: "atakuwa amelala" ni makisio ya sasa hivi.

Usukumani makisio hayo yamegharimu maisha. Bariadi ilikuwa sehemu ya Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, na ukanda huo ndio uliotajwa sana katika takwimu za mauaji ya vikongwe. Uchunguzi uliofanyika miaka ya 1980 ulihesabu zaidi ya watu 3,000 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi kati ya 1970 na 1984, wengi wao wanawake. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu kuhusu mauaji hayo mwaka 1993.

Na hayo macho mekundu? Kuni ni adimu. Wanawake hupikia mabua ya pamba na samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, miaka arobaini au hamsini mfululizo. Moshi huo unatosha kuyafanya macho ya mtu yeyote yawe mekundu. Anayesema "lazima" anauona wekundu, lakini jiko halitazami.

Mpiga ramli ndiye humalizia kazi. Mteja anafika na "huenda" yake, anarudi nyumbani na jina. Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku ramli za namna hiyo, na Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji anayemtaja mwenzake kuwa mchawi.

Mahakamani mambo ni tofauti kabisa. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataka shahidi wa jambo lililoonekana awe yule aliyeliona kwa macho yake. "Atakuwa ni yeye" haimtoshi hakimu. Atamuuliza shahidi alisimama wapi, saa ngapi, na palikuwa na mwanga gani. Maswali hayo yangefaa yaulizwe kisimani pia, mchana uleule, kabla jioni haijafika.