Jinsi nyota changa za Orion zinavyopimwa umbali

MKAZI wa Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha, akitoka nje saa nne usiku mwishoni mwa Januari, hulikuta kundi la nyota la Orion likiwa karibu na utosi. Kusini kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari kuna kidoa chenye ukungu. Hicho si nyota. Ni wingu kubwa la gesi na vumbi, na ndani yake nyota zingali zinazaliwa.

Kinachoiwasha gesi hiyo ni nyota chache zenye joto kali mno. Iliyo kubwa miongoni mwao ina joto la zaidi ya nyuzi 30,000 usoni, ilhali Jua letu lina takribani 5,500. Umri wa nyota hizo ni mamilioni machache tu ya miaka. Jua limetimiza miaka bilioni 4.6.

Ziko umbali gani? Bila jibu, hakuna linalojulikana kwa hakika. Taa ndogo iliyo karibu na kurunzi kali iliyo mbali huweza kuonekana sawa gizani.

Njia ya kuaminika zaidi yaweza kujaribiwa Ndabibi mchana. Tazama mgunga ulio mbele yako, Mlima Longonot ukiwa nyuma yake ng'ambo ya ziwa. Tembea hatua 50 kuelekea kaskazini, kisha utazame tena. Mgunga utaonekana umesogea kusini ukilinganishwa na mlima. Ukijua urefu wa hatua zako na pembe ya kusogea huko, utapata umbali wa mgunga bila kuufikia.

Wataalamu wa nyota hufanya vivyo hivyo, ila hatua zao ni mwendo wa Dunia kulizunguka Jua. Kati ya Januari na Julai huwa tumehama kilomita milioni 300. Hata hivyo, nyota za Orion husogea kidogo mno: ni sawa na upana wa sarafu ya shilingi moja iliyowekwa Mogadishu na kutazamwa kutoka Ndabibi, kama Dunia ingekuwa bapa.

Wingu lenyewe nalo huleta taabu. Vumbi hufifisha nuru, hivyo anayekadiria umbali kwa mng'ao peke yake hudhani nyota iko mbali kuliko ilivyo. Mwanga wa gesi pia huchanganyika na wa nyota na kuitatiza kazi ya darubini za kawaida.

Mawimbi ya redio hupenya vumbi bila shida. Mwaka 2007 Karl Menten na wenzake walitangaza vipimo vya nyota nne changa za Orion zinazotoa mawimbi hayo, wakitumia madishi kumi ya Marekani yaliyotawanywa kutoka Hawaii hadi visiwa vya Karibi. Walipata miaka ya nuru 1,350 hivi. Kadirio lililozoeleka awali lilikuwa takribani 1,560. Chombo cha Gaia cha Ulaya, kilichorushwa mwaka 2013 na kumaliza kazi ya kupima mwaka 2025, nacho kilitoa jibu la karibu miaka ya nuru 1,300.

Tofauti hiyo si ndogo. Nyota zikiwa karibu zaidi, mng'ao wake halisi hupungua kwa takribani robo; na kwa kuwa nyota changa hufifia kadiri zinavyojikusanya, hesabu ya umri wake hupanda. Hivyo historia ya kuzaliwa kwake ilibidi iandikwe upya.

Na ule Mlima Longonot una habari yake. Karibu nao kipo kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilichofunguliwa mwaka 1970. Dishi lake la zamani lilipendekezwa kugeuzwa darubini ya redio, katika mpango wa kuunganisha madishi ya Afrika. Ghana ilizindua lake la Kuntunse mwaka 2017. Kadiri madishi yanavyoachana, ndivyo pembe ndogo zinavyopimika, na kati ya darubini ya Hartebeesthoek, Afrika Kusini, na zile za Ulaya kuna pengo kubwa. Dishi lililo karibu na mstari wa Ikweta lingeliziba sehemu, tena lingeliona anga la kaskazini na la kusini, Orion ikipita juu yake kila siku.