Kwa nini misumeno ya umeme hufa mapema katika kazi za ujenzi

Msumeno unapozimika katikati ya kazi, lawama huangukia kiwanda kilichoutengeneza. Mara nyingi chanzo ni waya, vumbi na diski butu.

Katika majengo marefu ya nchi za Ghuba, seremala anayeandaa mbao za kumwagia zege hushika msumeno wa mviringo tangu alfajiri. Chombo hicho hupita mikononi mwa watu watatu au wanne, na hakuna anayejiona kuwa ndiye mwenyewe. Kikizimika, zege husubiri, na kibarua anayelipwa kwa kipande hupoteza siku.

Kinachochakaa kwanza ndani ya mota ya kawaida ni brashi, yaani vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Vimetengenezwa ili viishe, kama zilivyo pedi za breki za gari. Kuvibadilisha ni kazi ya dakika chache na gharama yake ni ndogo. Vikiachwa viishe kabisa, cheche huongezeka, springi hukwaruza shaba, na hapo matengenezo hukaribia bei ya msumeno mpya.

Adui anayesahaulika zaidi ni waya wa kurefushia umeme. Msumeno wa wati 1,500 kwenye volti 230 huvuta takriban ampea 6.5. Ukitumia waya wa shaba wa mita 50, wenye unene wa milimita 1.5 za mraba, hupoteza njiani volti 8 hivi, na mota hustahimili. Nchini Uingereza hali ni tofauti, kwani vifaa vya ujenzi huko kwa kawaida hutumia volti 110 ili kupunguza hatari ya kupigwa na umeme. Msumeno wenye nguvu ileile huvuta karibu ampea 14, na kwa waya uleule hupotea volti zipatazo 16, sawa na asilimia 15. Diski hupunguza mwendo, seremala husukuma kwa nguvu zaidi, na feni ya kupoza mota, ambayo huzungushwa na mota hiyohiyo, hupuliza hewa kidogo wakati joto limezidi. Waya wa milimita 2.5 hupunguza hasara hiyo hadi volti 10 hivi.

Diski butu huleta mzigo wa namna hiyohiyo. Mbao za zege hutumika mara nyingi, zikiwa na misumari na zege iliyoganda. Msumari mmoja hutosha kung'oa meno.

Vumbi nalo huziba matundu ya hewa, na hukwamisha kinga ya chini, ambayo hupaswa kujifunga yenyewe diski inapotoka kwenye mbao. Dawa yake ni kuisafisha. Wapo wanaoifunga kwa waya ibaki wazi, ilhali diski huendelea kuzunguka kwa muda baada ya swichi kuachiwa, karibu kabisa na paja la mkataji.

Kwa wanaosafirisha vifaa nyumbani, msumeno wa Marekani wa volti 120 ukichomekwa Mombasa au Dar es Salaam huungua mara moja. Transfoma ndogo iliyotosha redio haiuwezi: msumeno wa ampea 15 huhitaji wati 1,800, na zaidi ya hapo unapowashwa.