Ukimtoa Mbabe Bwawani, Anatokea Mwingine

Juzi nilipita kwa kijana mmoja hapa Kinyerezi, ana bwawa la turubai nyuma ya nyumba. Amepandikiza sato (perege), mwezi wa nne huu. Tulipovuta wavu, wachache walijaa kiganja, wengi wamebaki saizi ya kidole. Walipandikizwa siku moja, chakula kimoja, maji yale yale.

"Mtaalamu, niliuziwa mbegu mbovu," akaniambia. Ana mkopo, na mnunuzi wake hataki samaki wadogo.

Nikamuuliza, umeshafanya nini? "Kulikuwa na dume mmoja, kila nikimwaga chakula anafukuza wenzake. Nikamtoa, tukamla na ugali. Siku mbili tu, katokea mwingine!"

Mbegu mbovu zipo, sikatai. Ila hapa kuna jambo jingine: kwa jamii ya perege, cheo kinabadilisha mwili.

Ziwa Tanganyika kuna samaki mdogo wa jamii hiyo, wataalamu wanamwita Astatotilapia burtoni. Dume mwenye himaya ana rangi kali na mstari mweusi jichoni. Madume wanyonge wamefifia, utadhani majike. Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alimchunguza kwa miaka mingi. Mwaka 2005 yeye na wenzake walieleza jaribio moja: mbabe alitolewa gizani, kisha taa zikawashwa. Mnyonge kuona kiti kiko wazi, ndani ya dakika chache akawaka rangi na kuanza kufukuza wenzake. Kwenye ubongo, sehemu yenye seli za homoni inayoamsha uzazi ikachangamka. Siku zinavyokwenda, seli hizo zinakua, korodani zinakua, homoni za kiume zinapanda. Akishushwa cheo, mambo yanarudi nyuma.

Yaani tabia inaamsha homoni, na homoni nayo inaendesha tabia. Ndiyo maana kumla mbabe hakukusaidia kitu. Ulifungua nafasi tu.

Sasa bwawani kwako hasara iko wapi? Mnyonge anayefukuzwa kutwa anapandisha kotisoli, homoni ya msongo. Hamu ya kula inashuka, nguvu ya kujenga nyama inaishia kwenye kukimbia, na kinga ya mwili inadhoofika. Kama bwawa lina majike pia, jike akibeba mayai mdomoni anaacha kula kwa siku kadhaa. Chakula unanunua, nyama huioni.

Fanya hivi:

1. Panga kwa saizi. Wakubwa kwao, wadogo kwao. Kama huna bwawa la pili, gawanya kwa wavu. Fanya asubuhi kukiwa na ubaridi, usiwalishe kabla ya kuwashika.

2. Usichanganye ovyo. Kila ukiingiza samaki wageni, vita ya vyeo inaanza upya.

3. Mwaga chakula eneo pana, sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Ukimwaga kona moja, mbabe anailinda.

4. Usidhani nafasi kubwa ndiyo dawa. Wakiwa wachache sana, kila dume anapata eneo la kulinda. Wakizidi, maji yanachafuka na msongo unapanda. Fuata idadi inayolingana na bwawa lako na uwezo wako wa kubadilisha maji.

5. Nunua vifaranga madume watupu kutoka kituo kinachoaminika. Ubabe hautaisha, ila utaepuka kuzaana na majike kukaa na njaa. Homoni za kubadili jinsia usijaribu kuchanganya mwenyewe nyumbani.

Yule kijana tumemgawia bwawa kwa wavu. Wadogo sasa wanakula bila kufukuzwa, ingawa muda uliopotea haurudi, na mavuno yatachelewa. Angeanza mwezi wa kwanza, angekuwa mbali.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu muuza mbegu, kesho wakati wa kulisha kaa pembeni ya bwawa nusu saa. Angalia nani anakula, nani anakimbia.